Sina shahidi leo, Mheshimiwa

Katika majalada ya kesi za jinai za mahakama zetu za wilaya kuna maneno yanayojirudia kuliko mengine yote: “Shauri limekuja kwa ajili ya kusikilizwa, lakini sina shahidi leo, Mheshimiwa. Naomba ahirisho.” Mwendesha mashtaka anayasema akiwa amesimama, hakimu anayaandika, wakili wa utetezi, kama yupo, anapinga kidogo au anakaa kimya, karani anatafuta tarehe kwenye shajara. Dakika tatu zinatosha. Mshtakiwa anarudishwa mahabusu, ndugu zake waliodamka alfajiri wanatoka nje, jalada jingine linaitwa.

Nimekuwa nikifuatilia mashauri ya jinai kwa muda mrefu, na jambo ninalolishikilia katika safu hii ni moja: shahidi asiyefika leo, mara nyingi sana, ni yule aliyefika jana akarudishwa. Tukilielewa hilo, maswali yote ya kisheria yanayofuata, kuhusu kumkamata, kumtoza faini, kumwachia mshtakiwa au kuusoma ushahidi wake kwenye karatasi, yanabadilika sura.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania, Sura ya 20, ya mwaka 1985, inaipa mahakama meno ya kutosha. Mtu anayeonekana kuwa na ushahidi muhimu hupelekewa hati ya wito, ambayo wengi wetu tunaiita samansi. Asipofika bila sababu ya msingi, na mahakama ikathibitishiwa kuwa hati ilimfikia mapema, hakimu anaweza kutoa hati ya kumkamata aletwe. Anaweza hata kuitoa mwanzoni kabisa, ikiwa anaridhika kwamba mtu huyo hatakuja ila kwa kulazimishwa. Shahidi aliyekamatwa kwa hati hiyo anaweza kudhaminiwa mpaka siku ya kutoa ushahidi; asipodhaminiwa, analala ndani. Na kwa kule kutofika kwenyewe, au kufika kisha kuondoka bila ruhusa ya mahakama, kuna faini. Sheria ya Kenya ina mpangilio unaofanana sana na huu, kwa kuwa zote mbili zimetokana na sheria tulizoachiwa na wakoloni Waingereza.

Kwa hiyo anayedhani kwamba mahakama haina uwezo juu ya shahidi mkaidi amekosea. Uwezo upo. Tatizo liko kwenye yale maneno “ikathibitishiwa kuwa hati ilimfikia mapema”.

Fuateni safari ya samansi. Inatoka kwa karani wa mahakama, inapitia ofisi ya waendesha mashtaka au kituo cha polisi, inamfikia mpelelezi wa kesi. Mpelelezi huyo pengine amekwisha kuhamishwa, na aliyepokea jalada hamjui shahidi kwa sura. Samansi inapelekwa kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa. Huyo anamkuta binti wa shahidi nyumbani, anamwachia. Nakala iliyosainiwa inapaswa kurudi mahakamani kabla ya tarehe ya kesi, ikiwa na saini au dole gumba la mhusika. Mara nyingi hairudi. Na mara nyingine hakuna karatasi kabisa, kuna simu tu: “Mama, tarehe 14 uje mahakamani, usikose.” Simu inaweza kumleta mtu mwenye nia njema, lakini haimpi hakimu msingi wa kutosha wa kusaini hati ya kumkamata asiyekuja. Ndiyo maana kitisho cha sheria kinabaki kwenye vitabu.

Sasa mchukueni muuza nyanya aliyeona kijana akichomwa kisu stendi ya mabasi. Ni mfano tu, lakini kila wakili wa jinai anamfahamu mtu wa namna hii. Anaishi kilomita 40 kutoka mahakamani. Siku ya kwanza anafika saa mbili asubuhi, anakaa kwenye benchi mpaka saa saba, anaambiwa hakimu ana udhuru. Siku ya pili mshtakiwa hakuletwa kwa sababu gari la magereza limeharibika. Siku ya tatu wakili wa utetezi yuko Mahakama Kuu. Kila safari ametoa nauli mfukoni, amefunga genge, nyanya zimeoza. Siku ya nne haji. Na siku hiyo ya nne ndiyo inayoingia kwenye kumbukumbu kwa jina lake: shahidi hajafika. Zile tatu za kwanza zimeandikwa kwa majina ya sababu za watu wengine, na pengine hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba yule mama alikuwepo.

Sheria inaruhusu mahakama kuamuru kwamba gharama halali za shahidi zilipwe na serikali. Posho hiyo, kila anayekaa kwenye korido za mahakama anajua, hutegemea fedha zilizopo mwezi ule, na shahidi aliyerudishwa bila kusikilizwa ndiye rahisi zaidi kusahauliwa. Hapo dola inamdai raia wake mchango ambao yenyewe haiko tayari kuugharimia, kisha inamwita mkaidi.

Je, hati ya kumkamata itasaidia? Wakati mwingine, ndiyo. Lakini tuangalie inavyotekelezwa. Askari wawili wanafika sokoni kwa pikipiki, wanamchukua mama mbele ya wateja wake, wanampandisha, anakaa kituoni usiku mmoja ili kesho asubuhi apelekwe mahakamani. Anatoa ushahidi wake akiwa na hasira na hofu, na hakimu anaandika kuhusu mwenendo wake kizimbani bila kujua ametoka wapi. Pale sokoni nao wamejifunza somo lao: ukiona kitu, geuza macho. Kesi moja imepata shahidi, na kesi kumi zijazo zimempoteza.

Sisemi hati hizo zifutwe. Nasema zimeelekezwa kwa watu wasiostahili. Tazama orodha ya mashahidi wa upande wa mashtaka katika kesi ya kawaida ya unyang'anyi au dawa za kulevya: nusu yao au zaidi ni watumishi wa umma. Askari aliyekamata, mpelelezi, mtunza vielelezo, mkemia, daktari aliyejaza fomu ya PF3. Hawa wana mwajiri, wana anwani, wana mkuu wa idara anayejua wako wapi leo. Wasipofika, hawana kisingizio cha nauli wala genge. Kama hakimu ana hati moja tu ya kusaini mwezi huu, aisaini kwa ofisa aliyeitwa kwa barua rasmi akapuuza, si kwa muuza nyanya.

Nimeanza na shahidi kwa makusudi, kwa sababu husahauliwa. Lakini anayelipa zaidi ni mshtakiwa aliye mahabusu. Makosa kama unyang'anyi wa kutumia silaha hayana dhamana kwa sheria yetu. Kesi ya namna hiyo inasikilizwa kwenye mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, na adhabu yake haipungui miaka 30. Mtu huyu hajahukumiwa. Kila inaposemwa “sina shahidi leo” anarudi gerezani, na anarudishwa mahakamani baada ya wiki mbili kusikia maneno yaleyale. Hana wa kumpigia shahidi simu. Hana hata haki ya kuudhika, maana akilalamika anaambiwa avute subira, haki inatendeka.

Watunga sheria waliliona hili. Kifungu cha 225, kwa namba tulizozizoea, kinaweka ukomo. Kwa makosa yaliyo katika Jedwali la Kwanza la sheria hiyo, ukiondoa baadhi kama ya kughushi na ulaghai, mahakama hairuhusiwi kuahirisha kesi kwa jumla ya zaidi ya siku 60. Ukitakiwa muda zaidi, Afisa Upelelezi wa Mkoa alete hati ya kueleza sababu, apate siku nyingine 60. Zikiisha, Wakili wa Serikali alete yake, kwa siku nyingine 60. Baada ya hapo ni Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye hati yake inaweza kuvuta muda, lakini usipite miezi 24. Hati isipokuwepo, mahakama inatakiwa iendelee kusikiliza. Na upande wa mashtaka ukishindwa kuendelea, imwachie mshtakiwa.

Kwenye karatasi huu ni utaratibu mzuri. Unamlazimisha mtu mwenye cheo aandike jina lake chini ya sababu. Udhaifu wake uko kwenye mstari wa mwisho: kuachiwa chini ya kifungu hicho hakuzuii mtu kushtakiwa upya kwa kosa lilelile. Wengi wetu tumeshuhudia kinachofuata. Hakimu anatamka kwamba mshtakiwa ameachiwa, ndugu wanashangilia, naye kabla hajavuka geti la mahakama anakamatwa tena. Wiki inayofuata ana kesi yenye namba mpya, mashtaka yaleyale, mashahidi walewale ambao hawakufika. Siku 60 zinaanza kuhesabiwa upya kutoka sifuri.

Lazima wasomaji watofautishe milango mitatu ambayo kesi iliyokosa mashahidi inaweza kutokea. Wa kwanza ni huo wa kuachiwa kwa muda kupita. Wa pili ni upande wa mashtaka kuondoa shauri wenyewe: wakiliondoa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, anaachiwa tu na anaweza kurudishwa, wakiliondoa baada ya hapo, anaachiwa huru na mambo yamekwisha. Wa tatu ni mwendesha mashtaka kufunga ushahidi wake akiwa na mashahidi wachache alionao, na mahakama kuona kwamba hakuna kesi ya kujibu. Hapo mshtakiwa anaachiwa huru, na hawezi kushtakiwa tena kwa jambo lilelile. Ni rahisi kuona kwa nini mwendesha mashtaka aliyepungukiwa mashahidi atapenda mlango wa kwanza au nusu ya kwanza ya mlango wa pili. Na kwa utaratibu, anayefunga ushahidi wa mashtaka ni yeye mwenyewe, hakimu hawezi kumfungia. Kwa hiyo shahidi asipofika, mwenye kuchagua mlango ni yule aliyeshindwa kumleta.

Mimi naona hapa ndipo sheria yetu inapohitaji kurekebishwa haraka. Mtu aliyeachiwa kwa sababu mashahidi hawakufika asikamatwe tena kwa kosa hilo mpaka upande wa mashtaka uithibitishie mahakama, kwa maandishi, kwamba mashahidi wamepatikana na wako tayari kwa tarehe iliyopangwa. Hilo halimpi mhalifu kinga. Linazuia tu jela ya mahabusu isigeuzwe kuwa mahali pa kumhifadhi mtu huku shahidi akitafutwa.

Sasa tuseme kesi imesikilizwa hivyohivyo, baadhi ya mashahidi wamekuja na mmoja hakuja. Hakimu anaandika hukumu. Pengo hilo lina uzito gani?

Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inasema katika kifungu cha 143 kwamba hakuna idadi maalumu ya mashahidi inayotakiwa kuthibitisha jambo lolote. Shahidi mmoja anayeaminika anatosha kumfunga mtu. Mawakili wa serikali wanakipenda kifungu hiki, na kila wakili wa utetezi anapouliza fulani yuko wapi, jibu linalokuja ni kwamba idadi si hoja.

Jibu hilo ni sahihi kwa swali ambalo halikuulizwa. Kuna swali la wangapi, na kuna swali la nani. Kuhusu nani, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema wazi katika kesi ya Azizi Abdallah dhidi ya Jamhuri, iliyomo katika ripoti za sheria za mwaka 1991: upande wa mashtaka una wajibu wa kuwaita wale ambao, kwa uhusiano wao na tukio, wanaweza kueleza mambo ya msingi. Wakiwa wanapatikana na wasiitwe, na sababu ya kutosha isitolewe, mahakama inaweza kuchukulia hilo dhidi ya upande wa mashtaka. Kabla ya hapo, mwaka 1972, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya Bukenya na wenzake dhidi ya Uganda ilikwenda mbali zaidi. Ilisema mashtaka wana wajibu wa kuwaleta mashahidi wote wanaohitajika ili ukweli ujulikane, hata kama maneno yao yatapingana. Na kwamba mahakama yenyewe ina haki na wajibu wa kumwita mtu ambaye ushahidi wake unaonekana kuwa muhimu. Kesi hiyo bado inatajwa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam.

Hebu tuione kwa karibu. Polisi wanapekua chumba usiku, wanasema wamekuta kete za heroini chini ya godoro. Yupo mwenyekiti wa mtaa, ameshuhudia, ametia saini hati ya ukamataji mali. Mshtakiwa anadai kwamba kete zililetwa na askari. Mahakamani wanakuja askari wawili waliopekua, mtunza vielelezo na mkemia. Mwenyekiti wa mtaa hakuja, na hakuna aliyeeleza kwa nini. Ukihesabu, mashahidi wanne wametosha na wamezidi. Lakini mtu pekee aliyekuwa ndani ya chumba kile ambaye si askari wala mshtakiwa hajasikika. Hapo hakimu hawezi kujificha nyuma ya kifungu cha 143. Anatakiwa ajiulize kama mwenyekiti alikuwa shahidi wa msingi, kama alipatikana, na kama sababu ya kutoitwa kwake imetolewa. Geuza mfano: aliyekosekana ni mpita njia wa tano aliyeona gari la polisi likiondoka. Hapo pengo halina maana, na wakili anayelipigia kelele anapoteza muda wa mahakama.

Maneno “inaweza kuchukulia” yana nafasi kubwa ya hiari, na kwa maoni yangu mahakama za chini huitumia hiari hiyo kwa haraka mno. Hukumu nyingi zinalimaliza suala kwa sentensi moja. Rufaa ndizo zinazolifufua, miaka mitano au saba baadaye, wakati mfungwa ameshatumikia kipande kikubwa cha adhabu kwa kosa ambalo halikuthibitishwa.

Kuna njia nyingine ambayo hutumika shahidi asipopatikana: kuuleta ushahidi wake kwa maandishi. Kifungu cha 34B cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu maelezo yaliyoandikwa yapokelewe ikiwa aliyeyatoa amefariki, au mwili ama akili yake haimruhusu kufika, au yuko nje ya nchi na si rahisi kumleta, au juhudi zote za kumtafuta zimefanyika na hakupatikana. Yapo masharti: maelezo yawe yamesainiwa, yawe na tamko kwamba ni ya kweli, upande wa pili upewe nakala kabla, na uwe na siku 10 za kupinga. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba masharti hayo husomwa kwa pamoja; likikosekana moja, karatasi haiingii.

Ukali huo una sababu. Karatasi haihojiwi. Haiwezi kuulizwa ilikuwa umbali gani, mwanga ulitoka wapi, ilimfahamu mshtakiwa tangu lini. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na kusikilizwa ni pamoja na kumuuliza maswali anayekutuhumu. Ndiyo maana neno “hakupatikana” halipaswi kuthibitishwa kwa kauli ya mpelelezi kwamba alipiga simu ikawa haipatikani. Mahakama ielezwe alikwenda lini, alimkuta nani, mtendaji wa kijiji aliandika nini.

Fomu ya PF3 ni mfano unaoniuma. Daktari wa hospitali ya wilaya anamchunguza binti, anaandika alichokiona, anahamishiwa mkoa mwingine. Kesi ikifika, fomu inatolewa na askari mpelelezi. Sheria inasema taarifa ya daktari inaweza kupokelewa, lakini mahakama lazima imweleze mshtakiwa kwamba ana haki ya kutaka daktari aitwe ahojiwe. Hakimu akisahau sentensi hiyo moja, kwenye rufaa PF3 inaondolewa kwenye kumbukumbu kana kwamba haikuwahi kuandikwa. Daktari yupo hai, ana kazi, ana simu, analipwa na serikali ileile inayoshtaki, na bado ushahidi wake umepotea.

Kwa upande wa Kenya, jirani zetu walijifunza kwa gharama kubwa zaidi nini hutokea mashahidi wanapotoweka katika kesi ambayo dunia nzima inaitazama. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, zilizoua watu zaidi ya 1,100, kesi zilifunguliwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague. Ile dhidi ya Uhuru Kenyatta iliondolewa na mwendesha mashtaka Fatou Bensouda Desemba 2014, kabla haijaanza kusikilizwa. Ile dhidi ya William Ruto na mtangazaji Joshua Sang ilianza Septemba 2013, na mashahidi wakaanza kujitoa mmoja baada ya mwingine. Wengine walisema hawaji tena, wengine walikana walichokuwa wamekwisha kukisema.

Majaji walijaribu dawa zote nilizozitaja hapa. Aprili 2014 waliamuru mashahidi 8 waitwe kwa lazima na Kenya isaidie kuwafikisha, watoe ushahidi wakiwa Kenya kwa njia ya video. Oktoba mwaka uleule Kitengo cha Rufaa kikaukubali uamuzi huo. Agosti 2015 mahakama ikapokea maelezo ya awali ya baadhi ya mashahidi kwa maandishi, yaani kile ambacho sisi tungekiita 34B. Februari 2016 Kitengo cha Rufaa kikayatoa, kwa kuwa kanuni iliyotumika ilirekebishwa wakati kesi imekwisha kuanza na haikuwa halali kuitumia kwa kumuumiza mshtakiwa. Tarehe 5 Aprili 2016 majaji wawili kati ya watatu waliifunga kesi. Jaji Chile Eboe-Osuji aliandika kwamba mashahidi walivurugwa na siasa iliingilia, hivyo kesi haikupaswa kumalizika kwa kuwaachia huru. Washtakiwa wanaweza kushtakiwa upya siku nyingine. Ni mlango wetu wa kwanza uleule, umefunguliwa The Hague.

Nimeieleza kesi hiyo kwa urefu kwa sababu inaonyesha mpaka wa nguvu. Shahidi anayeogopa ukimleta kwa amri atakaa mbele ya kamera na kusema hakumbuki. Kilichokuwa kimekosekana kilikosekana mapema, kwenye ulinzi. Kenya ilikuwa na Sheria ya Kulinda Mashahidi tangu 2006. Sisi tulipata yetu mwaka 2015, Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi. Sijaona mwananchi wa kawaida kijijini anayejua kwamba ipo, wala aende wapi kuiomba.

Hofu ya shahidi wetu wa kawaida haitoki kwa mwanasiasa. Inatoka nyumba ya jirani. Katika makosa ya kujamiiana, Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2006, katika kesi ya Selemani Makumba, kwamba ushahidi wa kweli wa kosa hilo unatoka kwa mwathirika mwenyewe. Hata familia ya mtuhumiwa inalijua hilo bila kusoma sheria. Wazee wanakaa, ng'ombe au fedha zinatajwa, binti anapelekwa kwa shangazi mkoa wa mbali “akapumzike”. Kesi inaitwa: shahidi hajafika. Mama yake akiulizwa, anasema hajui alipo. Kila mtu mahakamani anajua kilichofanyika. Kupatana kuficha kosa la jinai ni kosa kwa Kanuni ya Adhabu, na kumzuia shahidi kufika ni kosa pia, lakini wanaoshtakiwa kwa hayo ni wachache kiasi kwamba wazee hao hawaogopi. Katika kesi hizi ndimo ningependa kuona hati za kukamata zikitolewa bila kusita, na zitolewe kwa waliomficha. Binti mwenyewe atafutwe na ofisa wa ustawi wa jamii, asitafutwe na askari mwenye pingu.

Halafu kuna shahidi ambaye hakuna anayemwandikia: wa mshtakiwa. Mtu yuko mahabusu, anasema siku ya tukio alikuwa kazini Morogoro na mwenzake anaweza kulithibitisha hilo. Hana pesa ya kumleta mwenzake. Siku ya utetezi anasimama peke yake, anaulizwa shahidi wako yuko wapi, anakosa la kusema, na kwenye hukumu inaandikwa kwamba utetezi wake haukuungwa mkono. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 231 kinaeleza kwamba mshtakiwa akisema ana mashahidi ambao hawapo, na kutokuwepo kwao si kwa kosa lake, na wanaonekana kuwa na jambo la msingi la kusema, mahakama inaweza kuahirisha na kutoa amri ya kuwaleta. Nimeona upande wa mashtaka ukipewa maahirisho kadhaa kwa sentensi moja ya mdomo, na mshtakiwa akinyimwa lile moja aliloliomba kwa sababu kesi imechukua muda mrefu. Muda huo mrefu hakuutumia yeye.

Yapo mambo ambayo mahakama zetu zinaweza kuyafanya bila kungoja Bunge. Kanuni zinazoruhusu mashauri kusikilizwa kwa mtandao zipo tangu 2021. Daktari aliyehamia Sumbawanga hana sababu ya kusafiri siku mbili kuja Tanga kueleza ukurasa mmoja. Kesi ikipangwa kwa siku tatu mfululizo badala ya siku moja moja kila baada ya wiki mbili, shahidi anakuja mara moja. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, ambayo imekuwepo tangu 2018, inaweza kuwa na mtu mmoja katika kila wilaya ambaye kazi yake ni kuwasiliana na mashahidi, kuwaambia mapema tarehe ikibadilika, na kuhakikisha nauli iko tayari kabla hawajaondoka nyumbani.

Na lipo moja dogo ambalo ningeomba lianze hata kesho. Kesi ikiahirishwa kwa sababu yoyote, hakimu aandike kwenye mwenendo wa shauri majina ya mashahidi waliofika siku hiyo, wametoka wapi, wamelipwa au hawajalipwa, na kwa nini hawakusikilizwa. Mwendesha mashtaka atakaposimama siku ya nne kusema hana shahidi, na kuomba hati ya kumkamata muuza nyanya, hakimu atafungua kurasa tatu nyuma kabla ya kusaini.